Kofia ya Gurudumu Iliyobaki Kishanda

Wenzangu wa gereji hapa Morogoro, tangu nirudi hamjaniacha nishone hata mshono mmoja kwa amani. Kila anayepita mezani kwangu anauliza, "Koku, ni kweli ulikwenda hadi Bukoba kutafuta mfuniko wa gurudumu?" Ni kweli. Nimeshasimulia vipande vipande, huyu kasikia mwanzo, yule kasikia mwisho, na fundi rangi wetu anatangaza kwamba nilipigana na kuku. Sikupigana na kuku. Basi naandika yote kwa mpangilio, kila mtu asome mwenyewe, kisha mniache niwahudumie wateja.

Habari za ruhusa na tiketi siwapi, hazina utamu. Naanzia ndani ya basi.

Morogoro hadi Kibeta

Nilipanda nikiwa nimekumbatia jora la ngozi nyekundu ya kushonea viti vya gari la baba. Mama mmoja aliyekaa jirani yangu aliliangalia kwa heshima, akaniuliza zulia lile ni la parokia gani. Nikamwambia si zulia, ni la viti vya gari. "Hata gari la padre ni kazi ya Mungu," akanijibu, akanisaidia kulishika. Tulipofika Singida basi zima lilijua kwamba nabeba zulia la altareni. Kahama mzee mmoja alinikataza katakata nisiliweke chini, akalilaza mapajani mwake mpaka aliposhuka. Nilijaribu kueleza mara mbili, nikachoka, nikanyamaza. Jora lilifika Bukoba likiwa safi kuliko mimi.

Baba alikuwa amesimama njia panda ya kwetu Kibeta akinisubiri. Hakunisalimu. "Umeipata?" ndilo neno lake la kwanza.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba. Umeipata?"

Sikuwa nimeipata. Niwaeleze sasa ni kitu gani. Baba ana Pijo 404 rangi ya maziwa, aliyoachiwa na babu, ambaye alikuwa mfanyabiashara wa kahawa. Gari hilo ndilo lililomleta Mama kutoka kwao Kishanda, wilaya ya Muleba, siku ya harusi. Sasa wazee wanatimiza miaka hamsini ya ndoa, na jubilei ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Baba amelifufua gari lile kwa miaka mingi, kipande kwa kipande. Shoo, ile sura ya mbele ya gari, aliipata Mwanza. Taa zilitoka Kampala. Tepe za kung'aa za milangoni zilikuwa zimepinda kama mkia wa mbwa, akazinyoosha mwenyewe kwa nyundo ya mbao. Viti vilikuwa zamu yangu. Kitu kimoja tu kilimshinda: kofia ya gurudumu la nyuma kulia, ile sahani ya kung'aa inayofunika nati. Ilianguka njiani siku ile ile ya harusi, na Pijo iliingia kanisani ikiwa na kofia tatu.

Mnavyotutania Wahaya kuhusu majivuno mnajua wenyewe, na kwa baba yangu sina cha kuwabishia. Siku ya harusi yake alimwamuru mpiga picha asikanyage upande wa kulia. Picha zote zikapigwa kutoka kushoto, alikokaa yeye.

Picha hizo nimezitazama tangu utotoni. Safari hii nilikaa nazo na Mama sebuleni, na ndipo nilipogundua jambo ambalo nashangaa sikuwahi kuligundua. Baba yuko kila mahali, kifua mbele. Mama kaonekana kipande cha shela, na katika moja, mkono.

"Mama, wewe uko wapi hapa?"

"Niko nyuma ya baba yako," akasema, kwa sauti ile ile anayotumia kuniambia chumvi iko wapi.

Iliniuma sana. Mwanamke ameolewa miaka hamsini hana picha ya harusi yenye uso wake. Na Baba alikuwa ameshaapa: kofia isipopatikana, mpiga picha atasimama kushoto, kama siku ile. Kuanzia hapo sikuwa natafuta kofia kwa ajili ya gari tena.

Mjini Bukoba, kwa Deo

Fundi bodi wa Baba anaitwa Deo, ana gereji karibu na soko. Nilipokwenda na Baba tulimkuta amefurahi kupita kiasi. "Dada Koku, acha kuhangaika, nimeitengeneza," akasema, akaitoa kwenye kitambaa. Ilikuwa mfuniko wa sufuria. Alikuwa ameukata, akaupiga msasa, akaung'arisha mpaka ukawa kioo, na kwa mbali, nasema kweli, ungedanganyika.

Baba aliigonga kwa ukucha. "Hii ni ya kupikia ebitoke," akasema, yaani zile ndizi zetu.

"Mzee, ni aluminiamu safi hiyo!"

"Hata ebitoke vyangu ni safi."

Tukaijaribu hata hivyo. Kwenye kona ya kwanza ilichomoka, ikabingirika barabarani kwa madaha yote, ikaenda kulala mlangoni kwa muuza sufuria. Tulipofika alikuwa ameshaipanga na zake. Deo alibishana naye, mimi nilikaa kwenye kiti cha nyuma nikicheka mpaka mbavu zikauma. Baba hakucheka.

Jioni ile nikamkuta Mama jikoni akimenya ndizi. Nikamsimulia. Alicheka, kisha akaacha kisu.

"Ile kofia ilianguka kwetu Kishanda," akasema. "Pale kwenye mteremko, ukishapita kibanja chetu cha migomba, kabla hujafika kwenye kona. Niliisikia."

"Uliisikia? Mbona hukusema?"

"Bibi harusi anasemaje, Koku? Nilifunzwa nikishatoka mlangoni kwa baba nisifungue kinywa wala nisigeuke nyuma mpaka nifike kwa mume. Ikalia ngwaaa, nikanyamaza. Tulipofika baba yako alikuwa anamfokea dereva mbele ya watu wote. Ningeanzia wapi? Ikapita wiki, ukapita mwezi. Ikawa jambo la kunyamaza."

Nikamuuliza kwa nini hakwenda kuitafuta baadaye. Mwaka ule ule, akasema, wazazi wake walihamia Geita kwa kaka yake mkubwa. Kishanda hapakubaki mtu wa kumwita. Hajakanyaga huko tangu atoke na shela kichwani.

"Usimwambie baba yako," akamalizia, akachukua kisu chake.

Bukoba hadi Muleba

Asubuhi nikamuaga Baba kwamba nakwenda Muleba kuulizia spea, jambo ambalo lilikuwa kweli kwa kiasi. Kosta ilisimama Kemondo muda mrefu kwa sababu dereva alikuwa ameagiza samaki na samaki alikuwa bado hajakaangwa. Hakuna aliyelalamika. Abiria walishuka, nao wakaagiza, na kwa hiyo ikabidi dereva naye atusubiri sisi.

Katika kusubiri watu huulizana habari, nami nikaeleza ninachotafuta. Bwana mmoja mnene mwenye koti akashtuka. "Kitu cha duara? Cha kung'aa? Cha gari la zamani? Mama, unahangaika nini, ninayo nyumbani!" Njia nzima hadi Muleba mjini alinisimulia jinsi marehemu baba yake alivyoitunza.

Aliniongoza nyuma ya nyumba yake. Ilikuwa pale, imejaa maji, na kuku wanakunywa. Nikamfukuza jogoo, naye hakupenda, na hapo ndipo fundi rangi alipopata hadithi yake. Nikaigeuza. Ilikuwa ya Volkswagen, ile ya mgongo wa kobe, ndogo kabisa.

Yule bwana alihuzunika kuliko mimi. "Sasa huwezi kuondoka hivi hivi," akasema, na mkewe akawa ameshatandika mkeka. Ebitoke na maharage, sato wa kuchemsha, chai, kisha ebitoke tena. Kila nilipotaka kusimama waliniongezea. Nilipotoka nilikuwa nimeshiba mpaka shingoni na mchana umeshakwisha nusu. Mkumbuke shibe hiyo na haraka hiyo, maana ndivyo vilivyoniponza.

Muleba hadi Kishanda

Nilipata bodaboda wa makamo anayeitwa Audax, mtu wa maneno mengi na breki nzuri. Barabara ilikuwa imelowa. Mara tatu aliniambia nishuke nitembee, na kila niliposhuka alinihubiria kwamba mama zetu walitembea njia hii na mizigo kichwani.

Kibanja cha kwao Mama tulikitambua kwa kuulizia. Chini yake, ule mteremko. Chini ya mteremko, kwenye kona, nyumba moja, na mlangoni mama mzee akipukuchua maharage.

"Nyegera, waitu," akatukaribisha. Anaitwa Ma Venansia. Ndani nyasi mbichi zilikuwa zimetandikwa sakafuni na zinanukia vizuri. Tukaketi. Kabla hata hajauliza tumetoka wapi, aliingia chumbani, akarudi ameshika kwa mikono miwili kitu kilichofunikwa kwa kawa, akapiga goti kidogo mbele yangu.

Nilijua ni kahawa ya kutafuna. Mgeni kwetu hupokewa hivyo: buni zilizochemshwa na majani ya harufu nzuri, zikakaushwa, unachukua chache, unatafuna, mazungumzo yanaanza. Nami, mwenye sato na ebitoke vya nyumba nzima tumboni, nikiangalia jua, nikasema, "Asante Ma, nimeshakula Muleba. Nina haraka kidogo."

Audax aliniangalia kana kwamba nimetukana. Ma Venansia hakufunua hata kawa. Alisimama, akarudisha chombo chake chumbani.

Nikaeleza shida yangu: chuma cha duara, cha kung'aa, kilianguka kwenye gari zamani hapa mteremkoni.

"Haya, katafuteni," akajibu, akarudi kwenye maharage yake.

Tukatafuta. Tulipekua mitaro, tukaingia kwenye vibanja vya watu, tukabisha hodi. Tulioneshwa kengele ya baiskeli, sinia lililotoboka, na kipande cha jembe ambacho mwenyewe aliapa kimetoka kwenye ndege. Mvua ikashuka. Tulijikinga chini ya migomba tukiwa tumelowa chapachapa, na nilikuwa karibu kulia. Nilikuwa nafikiria namna ya kumwambia Mama.

Audax akakohoa. "Dada, nikuambie kitu? Tukirudi pale kwa bibi, wewe kubali kahawa. Mimi nina kijiwe Muleba. Nikisimulia kwamba nimezunguka na Muhaya aliyekataa kahawa, hawatapanda tena pikipiki yangu."

"Mimi nilikuwa nimeshiba."

"Kahawa si chakula, dada. Umemwambia yule mama huna nafasi ya kukaa naye."

Kweli ilikuwa hivyo, na niliona aibu. Miaka ya Morogoro ilikuwa imeniondolea hilo akilini. Tukarudi tukitiririka maji. Nikapiga magoti mlangoni. "Ma, nimekosa. Naomba kahawa."

Alicheka, na uso wake wote ukabadilika. "Eee mwana wange, sasa umefika!" Akaleta chombo chake, akafunua kawa.

Nilichukua buni, nikatafuna. Ladha ile ilinirudisha kwa bibi yangu moja kwa moja. Nikanyoosha mkono nichukue nyingine, na kidole kikagusa kitu cha baridi chini ya kahawa. Nikazisogeza pembeni. Pakang'aa. Nikasogeza tena, nikaona mfuo wa duara ule ule niliokuwa nikiupapasa kwenye magurudumu mengine matatu kule Kibeta.

Mate yalinipalia. Audax akanipiga mgongoni. Kumbe nilikuwa ninakula kwenye kofia ya Pijo ya baba yangu! Na ingekuwa nimekubali kahawa mara ya kwanza, ningekuwa nimeshaondoka kabla ya mvua.

"Ma, hii ndiyo niliyokuwa natafuta! Ilianguka kwenye gari la harusi ya mama yangu."

"Ulisema chuma," akasema Ma Venansia. "Hii ni sahani ya wageni."

Ndipo akasimulia. Siku ile alikuwa bibi harusi mwenyewe, ameolewa pale majuzi tu, hamjui mtu. Gari la harusi likapita, kofia ikaruka, ikagonga jiwe, ikaingia uwanjani kwake. Mumewe aliiokota akakimbia nyuma ya gari akiipunga juu na kupiga kelele. Watu wa harusi wakadhani anashangilia. Nao wakampungia, wakapiga vigelegele, dereva akapiga honi, wakaondoka. "Bibi harusi peke yake hakugeuka," akasema. "Nikasema, huyu kafunzwa vizuri. Atakuja kuwasalimu wazazi, tutampa. Tukangoja. Tukasikia wazazi wamehama. Kitu kizuri hakikai bure, nikawekea wageni kahawa." Sahani ile ilikuwa imewapokea wachumba wa binti zake wote, mapadre, na watu waliokuja kumzika mumewe.

Nikaomba aniuzie. Nilijuta hata kabla sijamaliza.

"Siuzi. Nitakuazima," akasema. "Ila aliyekuwa ndani ya gari ndiye airudishe, kwa mkono wake, na kahawa ndani. Hapa chombo cha kahawa hakirudi kitupu. Na hilo bonde hapo ukingoni, ilipogonga jiwe, msilinyooshe. Nikipapasa gizani ndipo ninapoijua."

Akamimina buni kwenye jani la mgomba, akalifunga vizuri. "Hizi mpelekee huyo asiyegeuka nyuma."

Kurudi Kibeta

Vishikio vya nyuma vya kofia vilikuwa vimekufa kwa kutu. Hapa naomba mnipe sifa zangu: nilichukua springi za kiti kuukuu cha Pijo, nikamkatia Deo vipande, akavikunja na kuvibana, na kofia ikaingia kwenye gurudumu kwa sauti nzuri sana. Uso wake tuliusugua kwa majivu na nyuzi za mgomba mpaka Deo akaanza kujitazama meno. Alipoinua nyundo kuliendea lile bonde nilimdaka mkono.

Baba alizunguka gari, akachuchumaa, akagusa bonde. "Hapa hamjamaliza."

Ikabidi nieleze. Mteremko, jiwe, sahani ya kahawa, kuazima. Baba alisikiliza yote akiwa amechuchumaa, kisha akamgeukia Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni na kifurushi cha jani mkononi.

"Mama Koku. Gari lilipita Kishanda. Wewe ulikuwa upande huo huo. Hukusikia?"

"Nilisikia."

"Ukanyamaza?"

"Nilikatazwa kusema mpaka nifike."

"Ulifika siku ile ile!"

"Nilipofika ulikuwa unafoka wewe, Baba Koku. Nikasubiri umalize."

Deo aliingia chini ya gari kujificha. Baba akaanza kucheka, kwanza mabega tu, halafu mwili mzima, mpaka ikabidi ashike bampa. Mama naye akashindwa kujizuia. Wakacheka pamoja hadi machozi yakawatoka, na mimi nikalia nikiwaangalia.

Jumamosi Pijo iliingia parokiani na kofia zake nne, viti vyekundu, na Baba akiwa amenyoosha shingo. "Kulia! Simama kulia!" alimwambia mpiga picha kabla gari halijasimama. Na mpiga picha alisimama kulia. Lakini shangazi zangu wote nao walikuwa wamesikia kwamba safari hii upande mzuri ni wa kulia. Walijaa mbele ya mlango wa gari na vitambaa vyao vya kichwani na mashada ya maua, kila mmoja akitabasamu. Nilipotazama picha baadaye, Mama hayumo. Kipande cha kitambaa cha dhahabu, na mkono.

Kibeta hadi Kishanda, mara ya pili

Jumapili baada ya misa tukaenda watatu tu. Baba aliendesha taratibu, akijibu kila aliyempungia. Mama alikaa kiti cha nyuma upande wa kulia, hakutaka kuhamia mbele. Mapajani alikuwa na kikapu cha kahawa ya kibanja chetu, aliyoichemsha mwenyewe.

Kwenye mteremko akasema, "Hapa." Baba akasimamisha gari.

Mama alishuka, akatazama juu kulikokuwa nyumba ya wazazi wake. Alitazama muda mrefu, na safari hii hakuna aliyemkataza kugeuka. Kisha akafunga kitenge vizuri, akapiga magoti kwenye gurudumu, akachukua bisibisi ya Deo iliyofungwa kitambaa, akaing'oa kofia mwenyewe. Baba alitaka kumsaidia, nikamshika shati. Aliipangusa kwa upande wa kitenge, akamimina kahawa, akatembea nayo mikono miwili mpaka mlangoni.

Ma Venansia alikuwa amesimama. Walitazamana.

"Umechelewa, waitu," akasema Ma Venansia.

"Nilikuwa nakuja," akajibu Mama.

Hawakukumbatiana kwanza. Walikula kahawa kwanza, kila mmoja akichukua mkononi mwa mwenzake, ndipo wakakumbatiana, na kelele zao zikawaleta majirani. Baba alitafuna buni zake kimya, kofia yake ya kichwani mkononi. Sijawahi kumwona ametulia vile.

Wakati wa kuondoka wazee waliketi pamoja kwenye viti vya nyuma kwa ajili ya picha. Nikatoa simu. Kwa mazoea ya nyumbani kwetu nikaanza kuzunguka kwenda kushoto.

"Unakwenda wapi?" Baba akauliza kutoka ndani.

"Huku, Baba. Upande huo gurudumu liko wazi."

"Nimeliona. Rudi huku upige."

Picha hiyo ndiyo iliyotundikwa sebuleni Kibeta, na hii hapa kwenye simu yangu, njooni muione wenyewe. Gurudumu la nyuma liko uchi, nati zina kutu na tope la Kishanda. Juu yake, dirishani, Mama, uso mzima, shavu limevimba kwa kahawa, anatazama moja kwa moja. Na Baba yuko nyuma yake: inaonekana kofia tu, na mkono.